Umepima Kompresheni?

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, alinipigia simu saa tatu usiku. Alikuwa amenunua Subaru Forester ya tabo, yaani yenye feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, kutoka kwa mtumishi aliyehamishiwa mkoa mwingine, na furaha ilikuwa bado mbichi kwenye sauti yake.

"Shikamoo kaka, samahani kwa usiku huu. Nataka kuityuni gari. Nimeambiwa unamjua fundi wa Dar anayekuja na laptopu. Anachukua shilingi ngapi?"

"Marahaba, mdogo wangu. Umepima kompresheni?"

Akakaa kimya kidogo. "Kaka, mbona gari inatembea vizuri tu?"

Maneno hayo nayafahamu. Niliyasema mwenyewe miaka minne iliyopita kwenye gereji moja Dar es Salaam, na kesho yake nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara, karibu na Gairo, boneti iko juu, nikitazama moshi wa bluu ukitoka kwenye ekzosi kama wa mtu anayefukiza nyuki. Ndiyo sababu sikumtajia kijana bei. Nilimwambia nitamwandikia, na nilipoanza kuandika nikaona kuna wengi wa kuyasoma, maana Dodoma ya sasa imejaa Subaru, Altezza na Crown, na kila mwenye nayo ana rafiki anayemwambia aiongezee nguvu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Kompresheni ni presha ya hewa inayobanwa na pistoni ndani ya silinda. Ndani ya kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, kuna majedwali. Injini ikizunguka kasi fulani, na hewa inayoingia ikiwa kiasi fulani, jedwali linasema nozeli imwage petroli kiasi gani na plagi iwake lini. Kiwanda kiliyaandika majedwali hayo kwa tahadhari, kikijua gari litauzwa kwa watu wa kila aina. Kutyuni ni kuyaandika upya. Anayeyaandika anakaa kiti cha abiria na laptopu mapajani, anasoma namba zinazoletwa na sensa. Ringi ya pistoni iliyochakaa haioni, wala mpira wa hewa uliopasuka kwa chini. Anaona namba tu, na kwa namba hizo anaandika programu inayolifaa gari lilivyo siku ile. Kama siku ile linaumwa, ugonjwa nao unaandikwa humo.

Gari langu lilikuwa na injini ya EJ205, lita 2.0, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Fundi wa programu alifanya kazi yake kwa uangalifu na sina neno naye hata leo. Tulizunguka usiku, hewa imepoa, mara tano au sita. Kila mara nilikanyaga sekunde chache, naye akatazama kioo cha laptopu. Namba zilikuwa nzuri. Ambacho hakukijua, nami sikumwambia kwa kuwa sikukijua, ni kwamba pampu ya petroli ndani ya tenki ilikuwa ileile iliyokuja na gari kutoka Japani. Ilikuwa imechoka, na ikishika joto ilishindwa kusukuma. Usiku, kwa sekunde chache, iliweza. Kesho yake saa nane mchana, baada ya zaidi ya kilomita 300, tenki likiwa chini ya robo na barabara inapanda kuelekea Gairo, haikuweza. Petroli ndiyo inayoipoza pampu. Tenki likikaribia kuisha, pampu inachemka pale inapotakiwa kufanya kazi kubwa kuliko zote.

Petroli ikipungua na hewa ikabaki ileile, joto ndani ya silinda linapanda kupita kiasi. Mchanganyiko ambao moto wa plagi haujaufikia unalipuka wenyewe, na mlipuko huo unaipiga pistoni kama nyundo. Kuna sauti yake, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Niliisikia. Nikadhani ni kokoto za barabarani zinazogonga chini ya gari, nikaendelea kukanyaga mlima wote.

Gari lilifika Dodoma juu ya Fuso. Mzee mmoja wa gereji ya Kizota, ambaye tangu siku ile ndiye fundi wangu, alichukua siku mbili kuifungua injini. Siku ya pili jioni aliniita. Alikuwa ameshika pistoni ya silinda ya nne, anaifuta kwa kitambaa chenye petroli, anaigeuza taratibu ili jua la magharibi liingie kwenye vijia vya ringi. Kati ya kijia cha kwanza na cha pili, ukuta mwembamba unaozitenganisha ringi ulikuwa umemeguka, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Akanishika kidole na kukiweka pale. Ukingo wake ulikuwa na chembechembe, kama sukari guru iliyovunjwa.

"Hapa ndipo hela yako ilipopotelea, mwanangu," alisema. Kisha akaniuliza swali ambalo leo namuuliza kila mtu: "Kabla hawajaingiza hiyo programu, nani alipima kompresheni? Nani alipima presha ya petroli?"

Hakuna aliyepima.

Nilinunua injini ya mtumba kutoka Dar. Nilikaa na majedwali ya kiwandani zaidi ya mwaka mzima, mpaka nikaona kwamba hamu yangu haijaisha na hofu yangu imeshapata akili. Tukaanza upya, mimi na mzee, wiki sita za Jumamosi na jioni.

Kompresheni ndiyo ilikuwa ya kwanza, na hapo Dodoma yenyewe ilitufundisha jambo. Kwenye Forester plagi zimejificha ubavuni. Ili mkono ufike, betri na boksi la eya klina vinatoka kwanza. Unaichemsha injini mpaka joto lake la kawaida, unachomoa plagi zote nne, unazima petroli na moto wa plagi, mtu anakanyaga mafuta mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi, halafu unapiga starta huku betri iliyojaa imeunganishwa kwa waya pembeni. Sindano ya geji inapanda kwa midundo: mkubwa, wa pili, wa tatu, mpaka inasimama. Unaandika. Unahamia silinda nyingine, kwa idadi ileile ya midundo.

Tulipata paundi 134, 132, 135, 133. Jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri gari lake akachungulia karatasi na kusema, "Kaka, umeuziwa kimeo. Hii inatakiwa isome mia na hamsini." Moyo ukanienda chini. Nilishaanza kumtafuta muuzaji kwenye simu.

Mzee akanizuia. Vitabu vingi vya magari vimeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya bahari, na hewa yetu ina presha pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko ya Dar. Pistoni inabana hewa iliyoikuta. Kama iliyoingia ni nyepesi, namba ya mwisho nayo inakuwa ndogo. Injini inayosoma 150 Posta au Kariakoo, ikiletwa hapa inasoma 132 hivi na haina kasoro yoyote. Cha kutazama zaidi ni usawa. Silinda nne zikipishana paundi mbili tatu, una injini. Moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, funga laptopu, una kazi nyingine ya kufanya. Najiuliza ni injini ngapi nzima zimefunguliwa bure kwenye miinuko hii, Dodoma, Singida na Iringa, kwa sababu mtu alilinganisha geji ya hapa na kitabu cha pwani.

Kuna la ziada kwa wenye injini za kulala kama Subaru. Mafundi wengi, silinda ikisoma chini, humwagia kijiko cha oili ndani na kupima tena: namba ikipanda, ringi zimekwisha; isipopanda, ni valvu au gasketi. Kwenye injini iliyosimama njia hiyo ni nzuri. Kwenye iliyolala, oili inatuama upande wa chini wa silinda na upande wa juu unabaki mkavu, kwa hiyo jibu linaweza kukudanganya. Mzee anapendelea upepo wa kompresa. Anaifikisha pistoni juu kabisa ya mpando wake, valvu zote zimefunga, anaingiza upepo kupitia tundu la plagi, halafu anasikiliza. Upepo ukisikika kwenye kifuniko cha oili, ni ringi. Ukisikika kwenye ekzosi au kwenye throto, ule mlango wa kuingizia hewa, ni valvu za upande huo. Ukiona mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi. Nimemwona ameinamisha sikio juu ya kifuniko cha oili kama daktari juu ya kifua cha mtoto, gereji nzima imenyamaza kwa ajili yake.

Wakati wa kuchomoa plagi ya silinda ya pili, ilitoka imelowa oili mpaka shingoni. Sili za mfuniko wa valvu zilikuwa zimekauka zikawa ngumu kama plastiki. Oili ikijaa kwenye kisima cha plagi, umeme wa koili unatafuta njia ya mkato na injini inamisi ukiikanyaga. Tulibadilisha sili zote. Plagi mpya tuliweka za namba moja baridi zaidi, yaani zinazopoa haraka, kuliko za kiwandani, mwanya milimita 0.7, zilizonunuliwa duka ambalo mzee analiamini, maana plagi feki zenye boksi zuri ni nyingi, na ukiiweka feki pembeni ya orijino tofauti unaiona kwenye uzi na kwenye ncha. Sitaki kukaa sana hapo. Plagi ni bei ndogo kuliko vyote nilivyogusa.

Nataka kukaa kwenye hewa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaandikiwa programu ya ugonjwa.

Gari hili linapima hewa kwa sensa iliyo mara tu baada ya eya klina. Hewa iliyopita hapo imehesabiwa. Inayoingilia njiani, baada ya sensa, haijahesabiwa, na petroli yake haimwagwi. Mpira ukichanika kabla ya tabo, injini inavuta hewa ya wizi na mchanganyiko unakosa petroli. Ukichanika baada ya tabo, ukikanyaga, hewa iliyohesabiwa inatorokea nje. Petroli inamwagwa kwa hewa ambayo haipo, na unaona moshi mweusi nyuma. Kontrolboksi inajitahidi kujisahihisha. Kila gari la petroli la siku hizi lina namba ya masahihisho hayo, kwa asilimia, na hata mashine ndogo ya kupimia inayounganishwa na simu inaionyesha. Ikiwa kati ya kutoa tano na kujumlisha tano, shukuru. Yangu, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, ilisoma kujumlisha 14. Maana yake kontrolboksi ilikuwa inaongeza petroli zaidi ya sehemu moja ya kumi kufidia hewa isiyoijua inapoingilia.

Tulichofanya hakikuhitaji mashine ya bei. Tulinunua kifuniko cha bomba la plastiki duka la vifaa vya ujenzi, tukakitoboa katikati, tukapachika valvu ya tairi la tyubilesi. Tulitoa eya klina na sensa, tukafunga kifuniko kile kwenye mdomo wa bomba la hewa kwa klipu, tukaingiza upepo wa kompresa taratibu mpaka geji ikasoma paundi 12. Kisha mimi nilipita na chupa ya maji ya sabuni, napulizia kila kiungo. Viungo vya intakula, kile kipoza hewa ya tabo, hakuna kitu. Throto, hakuna kitu. Lakini mluzi ulikuwepo, mwembamba, kama wa mtu anayekuita kwa mbali usiku. Mzee akaingiza mkono chini ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, mahali ambapo jicho halifiki, kwenye ule mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye tabo. Akautoa mkono una povu.

"Huu hapa."

Kuufikia mpira ule ni kutoa manifoldi yote. Ulipotoka, ulikuwa umepasuka upande wa chini, ufa wa urefu wa njiti ya kiberiti. Ukiushika hivihivi umefunga, huoni kitu. Ukiukunja kidogo unafunguka kama mdomo. Na injini ilikuwa inaukunja kila nikikanyaga, kwa sababu maunti moja, kishikizo cha injini, ilikuwa imekufa na injini inaruka. Tukabadilisha mpira na maunti. Siku iliyofuata ile 14 ilikuwa imeshuka hadi 3.

Fikiria ningempelekea fundi wa programu gari lile likiwa na ufa. Angeona hewa na petroli havilingani, angesahihisha jedwali la sensa, kazi safi kabisa kwa namba alizoziona. Baada ya miezi sita ningebadilisha mpira kwa sababu nyingine yoyote, na tangu saa hiyo gari lingekunywa petroli isiyo na kazi na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Ningemlaumu yeye.

Petroli, kwa sababu mnazozijua, sikuipa nafasi ya kunidanganya mara ya pili. Pampu mpya, chujio jipya. Nozeli zilikwenda kuoshwa na kupimwa kwenye vile vioo vyenye mistari. Moja ilikuwa inamwaga kidogo kuliko wenzake hata baada ya kuoshwa, tukaibadilisha. Halafu jaribio lenyewe. Tulifunga geji ya presha ya petroli chini ya boneti, mpira wake ukatokea nje, geji tukaibandika kwa selotepu kwenye kioo cha mbele, upande wa nje. Hata siku moja usiingize mpira wa petroli yenye presha ndani ya gari unamokaa. Tukasubiri saa nane mchana, jua la Oktoba, tenki robo, kama ilivyokuwa Gairo, tukashika barabara ya Singida kupita Nala. Presha ya msingi kwenye gari hili ni takriban bari 3, na tabo ikianza kusukuma presha ya petroli inatakiwa ipande sawasawa na ya tabo, bari kwa bari. Mzee aliendesha, mimi macho kwenye sindano. Ilipanda, ikasimama ilipotakiwa, haikutetemeka. Tulirudia mpaka tukaridhika. Niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini natabasamu peke yangu.

Maji ya kupozea nayo yana Dodoma yake. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vya Makutupora, na kila mama wa nyumbani anajua birika lake linavyoota ukoko mweupe ndani. Ukoko huohuo unaota kwenye rejeta ya mtu anayejaza maji ya bomba. Rejeta yangu ilipokatwa juu, nusu ya vijia vyake vilikuwa vimezibwa na kitu cheupe kigumu unachoweza kukikwangua kwa bisibisi. Na kwa mwinuko wetu maji matupu yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya gari ni kulanti na presha inayoshikiliwa na kifuniko cha rejeta, kipande ambacho watu hukidharau kwa udogo wake. Tuliweka rejeta mpya, kifuniko kipya, thamostati, kulanti iliyochanganywa na maji ya betri. Tukiwa tumeshafungua mbele, tukabadilisha taimingi belti pamoja na roli zake na pampu ya maji. Kwenye injini hii belti ikikatika valvu na pistoni zinakutana, na hakuna programu ya kuzisuluhisha.

Kuhusu vumbi nina neno zito zaidi. Vijana wanapenda kutoa boksi la eya klina na kufunga ile koni iliyo wazi, kwa sababu ya sauti yake. Mtu wa pwani anaweza kuvumilia. Hapa, kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo hauna likizo, na vumbi letu ni mchanga uliosagika. Jaribu hivi: chukua kitambaa cheupe, kiingize kwenye bomba la hewa nyuma ya chujio, ufute. Kikitoka cheupe, chujio lako linafanya kazi. Mimi nilifanya hivyo kwenye gari la rafiki yangu lenye koni, kitambaa kikatoka na rangi ya udongo wa Kizota. Vumbi lile linakwenda kusugua kuta za silinda, na oili inayopakwa kwenye baadhi ya machujio hayo inaweza kufika kwenye waya mwembamba wa sensa na kuifanya isome uongo. Nilibaki na chujio la karatasi kwenye boksi la kiwandani, na nalibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Nguvu inayopotea hapo ni ndogo. Injini ninayoihifadhi ni nzima.

Breki na matairi nilivigusa mwisho ingawa vilipaswa kuwa mwanzo. Diski za mbele zilikuwa nyembamba, tukaweka mpya na padi nzuri, tukabadilisha mafuta ya breki yaliyokuwa na rangi ya chai. Matairi yalikuwa na kashata za kutosha, lakini namba nne za ubavuni zilisema 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri ule umekuwa mgumu hata kama unaonekana mpya. Niliyatoa yote manne.

Fundi wa programu alikuja kwa treni ya umeme, begi moja mgongoni. Zamani ningempelekea gari Dar. Safari hii nilitaka aandike programu hapa ninapoishi. Sababu ni hewa ileile. Tuseme tunataka ndani ya manifoldi kuwe na bari 1.8 ukihesabu na hewa ya nje. Dar, ambako nje kuna 1.0, tabo inaongeza 0.8. Dodoma nje kuna chini ya 0.9, kwa hiyo tabo inaongeza zaidi ya 0.9 kupata matokeo yaleyale, inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Fundi anayeijua milima anaacha nafasi.

Aliunganisha laptopu, akafunga sensa yake ya hewa na petroli kwenye ekzosi, akanyamaza. Alipitia masahihisho, sensa moja moja, akaliacha gari lichemke, akasikiliza. Nilimpa karatasi yetu: kompresheni, presha ya petroli, namba za nozeli, tarehe za vipuri. Aliisoma yote, kisha akaikunja na kuniomba aipige picha. "Kaka, huwa natumia nusu siku kutafuta gari lina nini," alisema. "Leo tuanze kazi tu."

Tulimaliza kabla ya magharibi. Mwezi uliofuata nilikwenda Singida kwa shughuli za familia. Baada ya Bahi na Kintinku barabara inaanza kupanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Saranda na Manyoni, mahali ambapo zamani nilikuwa nashusha gia na kuomba. Nilikanyaga nyuma ya lori la vitunguu, nikaona njia iko wazi mbele, nikapita. Sindano ya joto haikusogea. Nilizima redio mpaka Manyoni, nikisikiliza kama kuna kokoto ndani ya kopo. Hapakuwa na kitu, ila tabo ikivuta pumzi.

Yule kijana wa Nkuhungu aliniandikia jana. Amekwenda Kizota kwa mzee, wamepima: 134, 133, 101, 135. Anauliza kama ile ya tatu inaweza kuvumiliwa, maana gari inatembea vizuri tu, na fundi wa Dar ana nafasi wiki ijayo. Nimemjibu amwombe radhi fundi wa Dar na asogeze tarehe. Jumamosi saa mbili asubuhi tutaingiza upepo kwenye silinda ya tatu, tusikilize unatokea wapi.